Hakunitazama Machoni

Wito wa mahakama uliponifikia nyumbani, ndani ya bahasha yenye maandishi makubwa ya kunionya kwamba nisipoitikia naweza kutozwa faini, nilifurahi, na wenzangu kazini hawakuielewa furaha hiyo. Wao walinipa pole, wakanifundisha visingizio ambavyo watu hutumia ili waachiwe, na mmoja akanishauri niseme kwamba sijui Kiingereza vizuri. Nilikuwa nimeapa kuwa raia wa Marekani miaka minne tu kabla ya hapo, baada ya kuishi humu miaka kumi na mitano, na ukiacha kodi, wito ule ulikuwa jambo la kwanza ambalo nchi hii iliniomba nilitoe.

Ilikuwapo sababu nyingine pia. Marehemu baba yangu alikuwa mzee wa baraza. Kilipofika kikao cha Mahakama Kuu cha kusikiliza kesi za mauaji pale Tanga, alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti jeusi juu yake, akatia daftari dogo mfukoni, na jioni aliporudi hakutusimulia lolote la mahakamani hata tulipomsihi. Alisema ile ni amana. Maoni yake hayakumfunga jaji, kwani sheria ya kwetu ilimwachia jaji uamuzi wa mwisho, lakini nilikua nikiamini kwamba kuitwa kumsikiliza mwenzako aliyesimama kizimbani, na kusema mbele ya Mungu na watu kama ana hatia au hana, ni heshima ambayo mtu mzima haikimbii.

Kwa Kiswahili tumezoea kuwaita wenye kazi hiyo huku Marekani kwa jina hilohilo, wazee wa baraza, nami nitafuata mazoea hayo ingawa miongoni mwao huwamo vijana wa miaka 18. Tofauti kubwa iko kwenye mamlaka. Hapa, katika kesi kubwa za jinai, kwa kawaida raia 12 waliookotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wapiga kura na orodha ya leseni za udereva ndio wanaotamka kwamba mtu ana hatia au hana, na wakisema hana, jaji hana uwezo wa kumtia hatiani. Kwa hiyo swali la nani anakaa kwenye viti vile 12 ndilo swali la nani anashika funguo za gereza. Nilikwenda mahakamani nikijua hilo kwa nadharia tu.

Tulikuwa watu 45 katika chumba kisicho na madirisha, tukingoja kuhojiwa ili kati yetu wapatikane wale 12, na Weusi tulikuwa saba. Nilihesabu, kama ninavyohesabu kila ninapoingia chumba chochote katika mji huu. Mshtakiwa alikuwa kijana Mweusi aliyedaiwa kuiba dukani kwa kutumia silaha. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kwamba kile kitambaa cha jina la kiwanda, ambacho huondolewa suti inapoanza kuvaliwa, kilikuwa bado kimeshonewa kwenye mkono wa koti lake. Mtu fulani, pengine mama yake, alikuwa amelinunua koti hilo jana yake. Kila alipoinua mkono kunywa maji, kitambaa kile kilionekana, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia akifumue.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mpole. Alituuliza tunafanya kazi gani, kama tuna ndugu aliyewahi kufungwa, kama tumewahi kuibiwa. Kisha akauliza nani kati yetu aliwahi kusimamishwa na polisi akiwa anaendesha gari. Mikono mingi iliinuka, yetu sote saba ikiwamo. Zamu yangu ilipofika nilimwambia kwamba nimesimamishwa mara nne katika miaka sita, kwamba mara tatu askari walikuwa na adabu, na kwamba mara moja, nikitoka zamu ya usiku hospitalini na sare za uuguzi mwilini, askari alinimulika tochi kiti cha nyuma na kuniuliza gari hili ni la nani ilhali kadi yenye jina langu alikuwa ameishika mkononi. Akaniuliza kama jambo hilo litanizuia kuwaamini polisi watakaotoa ushahidi. Nikajibu kwamba halitanizuia, na kwamba nitamsikiliza askari kama nitakavyomsikiliza shahidi mwingine yeyote. Nilisema hayo nikitazama meza iliyokuwa mbele yake.

Baada ya chakula cha mchana karani alisoma namba za walioenguliwa. Kati yetu saba, wawili walikuwa wamekwisha ruhusiwa na jaji asubuhi: mmoja kwa kuwa analipwa kwa saa na asingeweza kukosa mshahara wa wiki nzima, mwingine kwa kuwa anamfahamu shahidi. Tulibaki watano. Mwendesha mashtaka alikuwa na nafasi sita za kumkataa mtu bila kutoa sababu, na nafasi nne kati ya hizo alizitumia kwetu. Mimi nilikuwa namba 23. Wakili wa utetezi alisimama kupinga, jaji akawaita wote wawili mbele ya meza yake, na ikawashwa mashine ya kufunika sauti, ambayo mvumo wake ulinikumbusha mvua ikinyesha juu ya bati, ili sisi tuliokaa kwenye mabenchi tusisikie tunayosemwa. Mvua ile ilinyesha kwa dakika zisizozidi sita. Ilipozimwa, jaji alitushukuru kwa utumishi wetu na kuturuhusu kwenda nyumbani.

Kwenye maegesho ya magari nilifuatana na bibi mmoja Mweusi, dereva mstaafu wa mabasi ya jiji, aliyeenguliwa pamoja nami. Aliniambia kwamba hii ni mara yake ya tatu kuitwa na mara yake ya tatu kurudishwa. Hakuonekana mwenye hasira. Alisema anakuja kila anapoitwa kwa sababu mama yake, aliyezaliwa Alabama, hakuitwa hata mara moja hadi anaingia kaburini.

Miezi kadhaa baadaye, kesi ilipokwisha, niliomba nakala ya mwenendo wa kesi, nikailipia kwa ukurasa. Nilitaka kujua kilichosemwa chini ya mvua ile. Kilikuwa kifupi. Wakili wa utetezi alidai kwamba wanaoenguliwa ni Weusi. Jaji akamtaka mwendesha mashtaka atoe sababu. Naye akatoa sababu nne kwa watu wanne. Yangu ilikuwa hii: namba 23 hakunitazama machoni, na anaonekana kuwa na kinyongo na polisi. Jaji akasema kwamba sababu hizo hazihusiani na rangi, na kazi ikaendelea. Kurasa chache nyuma ya hapo nilisoma maneno ya Mzungu mmoja aliyesema kwamba askari walimdhalilisha mwanawe barabarani, na kwamba hadi siku ile alikuwa bado anabishana nao kuhusu faini. Huyo alipewa kiti. Kijana alipatikana na hatia.

Mimi sijui kama aliiba au hakuiba, maana sikuruhusiwa kuusikia ushahidi. Ninachokijua ni hilo la macho. Nimelelewa na mwanamke aliyeamini kwamba mtoto anayemkodolea macho mkubwa wake hana malezi, na kwamba ukisemeshwa na mtu mwenye cheo unainamisha uso na kujibu kwa sauti ya kusikika. Nilimpa mwendesha mashtaka yule heshima ambayo ningempa mjomba wangu. Yeye akaiandika kuwa ila.

Tangu siku hiyo nimesoma sana juu ya jambo hili, usiku baada ya zamu, na nimegundua kwamba kilichonipata kina historia ndefu na yenye kumbukumbu zilizo wazi. Mwaka 1880 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya jimbo la West Virginia iliyotamka kwamba wazee wa baraza watakuwa wanaume Wazungu pekee. Baada ya hapo majimbo ya kusini hayakuwa na haja ya kuandika neno Mzungu mahali popote. Maofisa waliotayarisha orodha walitakiwa kuchagua watu waaminifu, wenye akili na tabia njema, na kwa macho ya maofisa hao hakupatikana Mweusi hata mmoja mwenye sifa hizo. Katika kesi ya vijana tisa Weusi wa Scottsboro, Alabama, waliosingiziwa mwaka 1931 kuwabaka wanawake wawili Wazungu ndani ya garimoshi, ilidhihirika kwamba hakuna mkazi wa eneo lile aliyekumbuka kumwona Mweusi akikaa kwenye baraza la mahakama, na kwamba majina ya Weusi yaliyokutwa kwenye daftari yalikuwa yamechomekwa baadaye ili kuficha aibu. Mwaka 1935 wakili wa vijana hao alilipeleka daftari lenyewe Washington, na majaji wa Mahakama ya Juu wakayakagua maandishi yale kwa lenzi ya kukuzia, mmoja baada ya mwingine.

Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka. Orodha zilipoanza kufunguliwa, mlango ulihamia mahali pengine, kwenye ile haki ya mawakili ya kumwengua mtu bila kutoa sababu. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ilipelekewa kesi kutoka wilaya ya Talladega, Alabama, ambako hakuna Mweusi aliyekuwa amekaa kwenye baraza la kuamua kesi tangu karibu mwaka 1950, na bado mahakama ikasema kwamba huo si ushahidi wa kutosha. Ilichukua miaka 21 zaidi. Tarehe 30 Aprili 1986, katika kesi ya James Batson wa Kentucky, aliyetiwa hatiani kwa wizi na baraza la Wazungu watupu baada ya mwendesha mashtaka kuwaengua Weusi wote wanne waliokuwapo, majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba ni marufuku kumwengua mtu kwa rangi yake. Utetezi ukionyesha dalili za ubaguzi, mwendesha mashtaka atatakiwa kutoa sababu isiyo ya rangi, na jaji ataamua kama sababu hiyo ni ya kweli.

Ukisoma hukumu hiyo haraka utadhani mambo yalikwisha hapo. Mmoja wa majaji saba walioiunga mkono, Thurgood Marshall, hakudhani hivyo, na Mwafrika wa Mashariki ana sababu ya kumsikiliza kwa makini zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1960, akiwa bado wakili, Marshall alialikwa na Tom Mboya kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, na huko aliandika rasimu ya sura ya haki za binadamu. Fikiria uzito wa kazi hiyo. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, wakati Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee washauri tu. Na Marshall, mjukuu wa mtumwa, ambaye katika mahakama za kusini alikuwa amewatetea Weusi mbele ya mabaraza ya Wazungu watupu, alitumia kalamu yake kuhakikisha kwamba katika Kenya huru hata Wazungu na Wahindi walio wachache watalindwa na sheria. Mtu wa namna hiyo hakuwa na chuki ya kulipiza.

Mtu huyo ndiye aliyeandika mwaka 1986 kwamba uamuzi wa Batson ni hatua njema lakini hautamaliza ubaguzi, kwa kuwa mwendesha mashtaka yeyote anaweza kubuni sababu zisizotaja rangi, na majaji hawana kipimo cha kuzichunguza. Aliona mbali zaidi ya hapo: mwendesha mashtaka anaweza hata asijue kwamba anabagua, akamwona Mweusi kuwa amenuna au yuko mbali, wakati Mzungu mwenye sura ileile asingemwona hivyo. Dawa aliyopendekeza ni kuifuta kabisa haki ya kuengua bila sababu. Nilipoyasoma maneno hayo niliifunga kompyuta na kukaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu yalikuwa yameandikwa nikiwa mtoto wa shule ya msingi Tanga, na yalikuwa yananieleza mimi.

Sababu zilianza kutungwa mara moja. Huko Philadelphia, mwaka mmoja hivi baada ya hukumu ya Batson, mwendesha mashtaka mwandamizi alirekodiwa kwenye mkanda wa video akiwafundisha wageni wa kazi hiyo jinsi ya kuwakwepa Weusi wa mitaa maskini, na akiwaelekeza waandike kumbukumbu ya maswali waliyowauliza ili baadaye wapate sababu ya kumpa jaji. Mkanda huo ulijulikana hadharani mwaka 1997. Katika mji wa Rome, Georgia, Timothy Foster alihukumiwa kifo mwaka 1987 na baraza la Wazungu watupu, na karibu miaka 20 ikapita kabla ya mawakili wake kupata jalada la waendesha mashtaka. Humo walikuta majina ya Weusi yamepakwa wino wa kijani, na pembeni maelezo kwamba rangi hiyo inawakilisha Weusi. Wengine wameandikiwa herufi B na namba. Na iko orodha ya watu wa kukataliwa kabisa ambayo majina yake matano ya kwanza yote ni ya Weusi. Mwanamke mmoja wa miaka 34 alikuwa ameenguliwa kwa madai kwamba umri wake unakaribiana na wa mshtakiwa, aliyekuwa na miaka 19, ilhali Mzungu wa miaka 21 aliachwa akakaa barazani. Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu hiyo mwaka 2016. Wasingeacha karatasi zile kwenye jalada, Foster asingekuwa na la kuonyesha.

Lakini kesi ninayoirudia mara nyingi ni ya Curtis Flowers. Julai 1996 watu wanne waliuawa kwa risasi ndani ya duka la samani katika mji wa Winona, Mississippi. Flowers, Mweusi aliyekuwa amefanya kazi kwa siku chache katika duka hilo, alikamatwa na kushtakiwa mara sita kwa mauaji yaleyale, na mara zote sita mwendesha mashtaka alikuwa mtu yuleyule, Doug Evans. Hukumu tatu za kwanza zilitenguliwa na mahakama ya juu ya jimbo, zote kwa makosa ya upande wa mashtaka, na ya tatu kwa sababu ya ubaguzi katika kuchagua baraza. Mara ya nne na ya tano wazee wa baraza hawakukubaliana. Katika ile ya nne, iliyokuwa na Weusi watano, Wazungu wote saba walisema ana hatia na Weusi wote watano wakasema hana. Mara ya sita, mwaka 2010, baraza lilikuwa na Mweusi mmoja tu, na Flowers akahukumiwa kifo tena.

Kesi yake ilipofika Mahakama ya Juu ya taifa, hesabu ilikuwa imekwisha fanyika. Katika kesi zote sita, kati ya Weusi 42 ambao mwendesha mashtaka angeweza kuwaengua, alijaribu kuwaengua 41. Katika kesi ya mwisho, Weusi watano walioenguliwa waliulizwa na upande wa mashtaka maswali 145 kwa jumla, na Wazungu 11 waliokaa barazani waliulizwa maswali 12. Maswali 29 kwa kila Mweusi, na moja tu na ziada kidogo kwa kila Mzungu. Mji wenyewe ni mdogo, kila mtu anamjua kila mtu: huyu alisoma na dada wa mshtakiwa, yule alifanya kazi na baba yake. Ukimuuliza mkazi wa mji kama huo maswali 29 utapata sababu ya kumwengua, kama vile ukimpekua mtu yeyote nyumbani kwake utakavyopata kitu cha kumuulizia. Asiyeulizwa anabaki safi. Juni 2019 majaji saba dhidi ya wawili walitengua hukumu hiyo, Desemba mwaka huo Flowers akatoka kwa dhamana, na Septemba 2020 mashtaka yakafutwa. Alikuwa amekaa ndani karibu miaka 23.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria aliyesoma Dar es Salaam na sasa anafanya kazi Maryland, aliniambia kwamba ninapoteza nguvu kwenye jambo dogo, kwa sababu hapa zaidi ya hukumu tisa kati ya kumi za jinai hupatikana kwa mshtakiwa kukiri kosa kwa makubaliano, bila baraza lolote kuketi. Takwimu yake ni sahihi, ila sikubaliani na anachokijenga juu yake. Kijana anapoambiwa akubali miaka minne au aende mahakamani akapate kumi na tano, wakili wake humwambia afikirie ni watu gani watakaokaa kwenye viti vile 12. Akijua kwamba watu wa mtaa wake, wanaojua jinsi askari fulani anavyofanya kazi, wataondolewa kwa adabu kabla ushahidi haujaanza, ataweka saini hata kama hakutenda. Baraza linalotisha linafanya kazi hata siku lisipoketi.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa Jaji Clarence Thomas, Mweusi wa pili kukaa kwenye Mahakama ya Juu, aliyepinga hukumu ya Foster na ile ya Flowers. Hoja yake mojawapo ni kwamba Batson imemnyang'anya mshtakiwa Mweusi silaha, kwani na yeye alikuwa na haki ya kumwengua Mzungu anayemhofia. Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Hata hivyo, katika wilaya ambazo Weusi ni saba kati ya 45, silaha hiyo haina nguvu sawa mikononi mwa pande mbili: upande mmoja ukiitumia mara nne au tano humaliza kundi zima, na upande wa pili ukiimaliza yote bado unabaki na chumba kilekile.

Na pale ambapo kuengua hakukutosha, njia nyingine ilipatikana. Mkutano wa katiba wa Louisiana wa mwaka 1898, ambao wajumbe wake walitamka waziwazi kwamba wamekuja kusimika utawala wa Wazungu, ulipitisha kwamba kura 9 kati ya 12 zinatosha kumtia mtu hatiani, ili Weusi wawili watatu wakipenya kwenye baraza sauti yao isihesabike. Baadaye zikawa kura 10, na utaratibu huo ulidumu hadi wananchi wa jimbo walipoukataa kwa kura mwaka 2018, kisha Mahakama ya Juu ikaupiga marufuku mwaka 2020. Katika jimbo hilo, mjini Shreveport, Glenn Ford alihukumiwa kifo mwaka 1984 na baraza la Wazungu watupu. Wakili wake mkuu alikuwa mtaalamu wa sheria za mafuta na gesi ambaye hakuwahi kuendesha kesi mbele ya baraza. Aliachiwa mwaka 2014 baada ya karibu miaka 30, ilipothibitika kwamba si yeye aliyeua, na mwaka uliofuata akafa kwa saratani. Mwendesha mashtaka wa kesi hiyo, Marty Stroud, aliomba radhi hadharani gazetini. Ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu ni wachache mno waliofanya hivyo, ingawa radhi ile ilimkuta Ford akiwa amebakiwa na miezi michache ya kuishi. Nje ya mahakama hiyohiyo bendera ya majimbo yaliyopigana kutetea utumwa ilipepea hadi mwaka 2011, na mwaka 2009 Mweusi mmoja aliyeitwa barazani na kusema kwamba bendera ile inamfanya asione haki mahali pale alienguliwa.

Weusi ni kama asilimia 13 ya wakazi wa nchi hii. Ripoti ya mwaka 2022 ya sajili ya kitaifa ya watu walioondolewa hatia baada ya kuhukumiwa kimakosa ilionyesha kwamba kati ya watu hao wao ni asilimia 53. Hao ni waliobahatika kupata wakili, au jalada, au mtu wa kuwasikiliza. Ninapofikiria wasiobahatika hukumbuka kile kitambaa kwenye mkono wa koti.

Yapo majimbo yaliyochukua hatua. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo la Washington ilitunga kanuni inayosema kwamba kuwa na ndugu aliyefungwa, kuishi mtaa wenye uhalifu, kutokuwa na imani na polisi au kuwahi kukutana nao vibaya, ni sababu zilizotumika miaka mingi kuwaondoa watu wa rangi, kwa hiyo zinachukuliwa kuwa batili hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanuni hiyo inataja kwa jina hata sababu ya kutotazama machoni, na kuagiza kwamba wakili akitaka kuitumia amjulishe jaji na upande wa pili mapema, na kwamba isipothibitishwa na jaji au wakili mwenzake haitakubalika. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. California ilifuata kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2020. Arizona ilikwenda kule alikotaka Marshall: kuanzia tarehe 1 Januari 2022 iliifuta kabisa haki ya kuengua bila sababu, na ikawa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Uingereza ilikuwa imeifuta tangu mwaka 1988, na kesi zinaendelea kusikilizwa huko. Jimbo ninaloishi mimi halijafanya lolote kati ya haya.

Mwezi uliopita nimepata wito mwingine. Bahasha ni ileile, ila safari hii imeambatana na fomu ya maswali ambayo inatakiwa irudishwe kabla ya siku ya kuripoti. Binti yangu, aliyezaliwa humu na ambaye hutazama kila mtu usoni bila wasiwasi, alikaa nami mezani nilipoijaza, akaniambia: mama, ukifika mtazame tu. Nimemwahidi kwamba nitajaribu. Kwenye swali la kazi nimeandika uuguzi. Kwenye swali la rangi nimeweka alama yangu. Kwenye swali la mara ngapi nimesimamishwa na polisi, ambalo safari iliyopita nililijibu kwa kusema nne, nimeandika tano, nikaongeza tarehe na jina la barabara, kisha nikaipeleka fomu posta mwenyewe kabla ya kuingia zamu ya usiku.